Mfuko wa Kulia

Verlon, leo nimekwenda dukani kwa Dwain Kessler,
lile la nyuma ya ghala la ngano,
nimevaa koti lako la kahawia
maana Dwain alisema kwenye simu: njoo na koti lenyewe,
bastola ya mfukoni huchaguliwa na mfuko, si na jicho.
Upepo wa Oklahoma ulinisukuma mpaka mlangoni
kana kwamba umelipwa.

Akatandaza kitambaa cha kijani juu ya kioo,
akaziweka mbili
kama sahani za wageni wasiosemezana.

Hii rivolva: kitumbo cha mviringo, matundu matano,
nyundo imefichwa ndani isije ikanasa pindo siku ya haraka.
Ile nyingine nyembamba kama daftari la madeni,
sita kwenye magazini, moja kwenye chemba,
mfukoni inalala bila kujitangaza.

"Ya kitumbo haina mengi ya kukumbuka," akasema.
"Vuta. Isipolia, vuta tena.
Ya pili inabeba zaidi, inajazwa upesi,
ila inataka mkono uliokaza. Ukilegea, inakwama.
Na manyoya ya mfukoni ndiyo adui yake."

Nikajaribu kuvuta kile chuma cha juu kirudi nyuma.
Kikagoma.
Mara ya pili kikanibana ngozi ya kiganja.
Unaijua mikono hii: miaka ishirini na sita
ya kupakua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku,
vifundo vimetuna kama tangawizi.
Nikaishika rivolva. Triga nayo nzito,
nzito kama mlango wa friza letu la chini,
lakini mlango ule nimeufungua maisha yangu yote.

Dwain hakuniuliza sababu. Nilisema tu, natoka kazini saa tano usiku.
Wewe nakueleza:
mara tatu yule mtu amesimama karibu na gari langu,
hasemi neno, anavuta sigara, anahesabu hatua zangu.
Mlinzi anasema maegesho ni ya watu wote.
Ya nne sitaki inikute na funguo peke yake.

"Sasa mfuko," akasema Dwain. "Usiwe na kitu kingine humo.
Hata karatasi ya kupengea. Bastola na ala yake, basi."
Nikautoa vitu pale kwenye kioo:
risiti ya mafuta, kitufe,
kijiti chako cha meno, ndiyo, bado kipo,
na peremende nne za nanaa.

Nikazitazama zile peremende, Verlon.
Kila Jumapili Tobin anapenyeza mkono mfukoni humu
kabla hata hajanisalimu. Ana miaka minne.
Haombi, hachunguli,
mkono wenyewe unaijua njia
kama panya aijuavyo ghala.

Dwain alisubiri. Ni kijana mwenye adabu,
alijifanya anapangusa kioo.
Nikamwambia: nipe ya matundu matano.
Akaniuliza kama nataka kuijaribu uwanjani kwanza.
Nikasema Jumanne, leo vidole vimechoka.
Nililipa kwa zile fedha za paa. Paa litavuja mwaka mmoja zaidi.

Sasa hivi iko kwenye sanduku lako la ndoana, kufuli limebana,
ufunguo nimeuficha mahali ambapo hata wewe ungepotea.
Koti nimelitundika kwenye msumari wa saa, juu kabisa.
Peremende nimezihamishia kushoto.
Kesho ni Jumapili.

Nimekaa jikoni nafanya mazoezi ya sentensi moja:
Tobin, ule mfuko si wako tena.
Nikaisema kwa sauti ya upole. Nikaisema kwa ukali.
Nikainuka, nikalishusha koti, nikalivaa
nione nitasimama vipi atakapoingia,
na mkono wangu mwenyewe, bila kuniuliza,
ukaingia kulia,
ukapapasa,
ukitafuta nanaa.